Mtoto Akigeuzwa Mkalimani

Kuna tukio moja karibu na mwisho wa filamu ya Kifaransa *Entre les murs* ambalo kila nikilifikia nasimamisha laptopu na kwenda kuchemsha chai. Souleymane, kijana wa familia iliyotoka Mali, ameitwa mbele ya baraza la nidhamu. Alitoka darasani kwa hasira, begi lake likamgonga msichana usoni, damu ikatoka, na sasa walimu wameketi kuamua kama atafukuzwa shule. Mama yake amekuja. Hajui Kifaransa. Na shule hii, pamoja na faili zake zote na utaratibu wake wote wa haki, haijatafuta mkalimani. Basi mshtakiwa ndiye anayetafsiri. Mama anamtetea mwanawe, anasema ni mtoto mzuri, anasaidia nyumbani. Halafu anaambiwa Souleymane: haya, tuambie amesema nini.

Hebu jiweke pale. Uko katikati ya ujana, umekasirika, umeaibika, na unatakiwa utangaze kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya watu ambao tayari wanaonekana wameshaamua, kwamba wewe ni mtoto mzuri.

Filamu hiyo ya Laurent Cantet ilishinda Palme d'Or kule Cannes mwaka wa 2008, na imeandikwa sana. Watu wamesifu jinsi wanafunzi wasio waigizaji walivyocheza. Wamesifu pia kwamba François Bégaudeau, mwalimu aliyeandika kitabu kilichozaa filamu, anaigiza yeye mwenyewe nafasi ya mwalimu. Sina ugomvi na sifa hizo. Mimi nina swali moja dogo ambalo nimelibeba kutoka filamu moja hadi nyingine, zote zikiwa ni zile za darasa lenye watoto waliotoka nchi nyingine: pale mezani, mzazi na mwalimu wanapokutana, ni nani anayebeba maneno?

Sababu yangu si ya kisanaa. Mwaka wa 2007, nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi huku Eastlands, niliitwa ofisini kuwa mkalimani. Nilitafsiri kutoka Kiswahili hadi Kiswahili. Na nilikosea.

Aliletwa darasani katikati ya muhula wa kwanza, akaketishwa kwenye deski letu kwa sababu lilikuwa na watu watatu tu, wakati mengine yalikuwa na wanne. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure tangu 2003 na tulikuwa tumejaa kama mathree ya jioni. Alitoka Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza mwalimu alipomuuliza swali, alisimama wima, mikono ubavuni, akaanza jibu lake kwa neno "maître", ambalo kule ndilo la kumwita mwalimu. Sisi tulisikia "mita". Darasa likavunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mita, na nitamwita hivyo hapa kwa kuwa jina lake halisi si langu kuligawa.

Mita alikuwa na lugha nne. Nyumbani kwao walizungumza Kifulero, mtaani kwao Kiswahili, shuleni Kifaransa, na Kilingala alikiokota kwenye muziki na kwa wanajeshi. Sisi wengine tulikuwa na Sheng, Kiswahili cha mtihani, na Kiingereza cha kuogopa. Lakini ukiuliza mtu yeyote pale shuleni angekwambia huyu mtoto "hana lugha". Nimeliwaza sana neno hilo tangu wakati huo. Hana lugha. Kama vile mtu anaweza kufika na miaka kumi na miwili duniani bila kuzungumza.

Kilichotuchekesha zaidi ni Kiswahili chake. Alisema "batoto" badala ya watoto, "aksanti" badala ya asante, "niko naenda ku masomo" akimaanisha anaenda shuleni. Tulimcheka sisi, watu ambao Kiswahili chetu mtu wa Lamu akikisikia anashika kichwa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mkali zaidi yetu. Alizungusha kalamu nyekundu kwenye kila "ba" ya insha ya Mita hadi karatasi ikaonekana imepata tetekuwanga. Insha yenyewe, nilivyoisoma baadaye, ilikuwa inahusu kuvuka ziwa usiku. Hakuna alama hata moja iliyotolewa kwa ziwa.

Kwa wiki yetu ya Kiingereza mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kulikuwa na ile diski. Wengi wenu mnaijua: kibao unachovishwa au kupewa ukishikwa ukiongea lugha isiyotakiwa, nawe unamvizia mwingine ili umpitishie. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari ya adhabu za namna hii katika *Decolonising the Mind*, kitabu kilichotoka 1986 kikikumbuka shule za miaka ya hamsini, na sisi bado tulikuwa nayo mkononi karne ikiwa imeshabadilika. Mita alikaa na diski siku nne mfululizo kwa sababu hakujua jinsi ya kuipitisha. Kumbe kupitisha diski pia kunahitaji Kiingereza.

Lakini hesabu alijua. Hapo ndipo pananiuma.

Wacha nieleze kidogo, maana jambo hili halionekani katika filamu hata moja kati ya hizi na naona ndilo moyo wa mambo yote. Sisi tulifundishwa kugawanya kwa kuweka kigawanyo upande wa kushoto, nje ya kile kibanda, na jibu juu ya paa. Watoto waliosoma kwa mfumo wa Kifaransa hufanya vingine: namba inayogawanywa inakaa kushoto, unachora mstari wa kusimama, kigawanyo kinakaa kulia, na jibu linaandikwa chini ya kigawanyo. Hesabu ni ile ile. Na pale sisi tunapoweka nukta ya desimali, wao wanaweka mkato. Mwalimu akaandika ubaoni 94 igawanywe kwa 4. Mita akachora mistari yake, akamaliza kabla ya yeyote, jibu lake likawa 23,5.

Mwalimu alilitazama daftari. Akaona 4 ikiwa mahali pasipo pake, akaona 23, akaona mkato, akaona 5. Akafikiri hiyo 5 ni salio. "Unagawanya kwa nne halafu unabaki na tano?" akauliza darasa, si Mita. Tulicheka tena. Alama ya kosa ikachorwa, kubwa, kutoka kona hadi kona.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Ishirini na tatu nukta tano.

Sasa turudi kwenye filamu, maana nilianza kuzitafuta nikiwa mtu mzima kwa sababu nilitaka kuona kama kuna shule mahali ambapo 23,5 inasomwa.

Iliyonipa matumaini ya haraka ni *La Cour de Babel*, dokumentari ya Julie Bertuccelli iliyoingia kumbi za Ufaransa mwaka wa 2014. Bertuccelli alikaa mwaka mzima wa masomo na darasa moja la kupokea wageni katika shule ya La Grange-aux-Belles mjini Paris: watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na mitano, wametoka kila pembe ya dunia, wengine ndio kwanza wafike, na mwalimu wao Brigitte Cervoni anawafundisha Kifaransa huku wakizoea nchi. Mapema kabisa kwenye filamu watoto wanasalimu kila mmoja kwa lugha yake. Ni tukio tamu, na nina hakika ndilo lililowekwa kwenye kila tangazo. Ukumbi wowote utatabasamu hapo.

Mimi natabasamu na kushuku kwa pamoja. Salamu ni rahisi. Kila shule duniani inaweza kubandika ukutani "karibu" kwa lugha ishirini na bado ichore alama ya kosa kwenye mgawanyo wa Kifaransa. Hata shule yetu ilikuwa na Siku ya Utamaduni. Mita alivishwa kitenge, akaambiwa acheze Ndombolo mbele ya mgeni wa heshima, na alicheza, maze, alicheza vizuri sana. Jumatatu akarudi kuwa mtoto asiye na lugha.

Kinachoiokoa filamu ya Bertuccelli ni kwamba haikai kwenye salamu. Kamera karibu muda wote inabaki ndani ya shule. Tunaona majira yakibadilika kupitia uwanja tu. Lakini wazazi wanaingia. Hivyo vikao vya wazazi ndivyo sehemu bora kabisa ya filamu. Mwalimu upande huu, mama au shangazi upande ule, na katikati mtoto, ambaye baadhi ya nyakati ndiye anayegeuza maneno. Bertuccelli hafanyi papara. Anaiacha kamera kwenye uso wa mtoto katika zile sekunde ambazo ameshasikia anachosemwa na mwalimu lakini hajakigeuza bado kwa mzazi. Ukitaka kujua kuwa mwanafunzi mhamiaji ni nini, usitafute vitabu, tazama sekunde hizo. Humo ndani mtoto anapima: nikisema hivi atalia, nikipunguza atafurahi, nikiongeza nitachapwa. Ni kazi ya mtu mzima, tena ya mtu mzima aliyesomea, inafanywa na mtoto bila malipo, kuhusu maisha yake mwenyewe.

Malalamiko yangu kwa *La Cour de Babel* ni kwamba inalipenda darasa lake kupita kiasi. Cervoni ni mwalimu wa kutamaniwa: anasikiliza, hana haraka, hadharau. Sawa. Ila kwa kumtazama yeye tu, mtazamaji anaondoka akiamini kwamba dawa ni kupata mwalimu mwenye moyo. Na mfumo unaponea hapo. Darasa hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Lipo kwa kuwa serikali ya Ufaransa ina utaratibu wa kuwapokea watoto wasiojua Kifaransa, wenye masaa yake na walimu wake. Mwaka wa 2012 utaratibu huo ulipangwa upya ili mtoto awe ameandikishwa katika darasa la kawaida huku akitoka kwenda masomo ya lugha. Filamu haina hamu na mambo hayo makavu. Mimi ninayo, kwa sababu katika shule nilizopita mimi hakukuwa na saa hata moja ya namna hiyo kwenye ratiba, na walimu wetu hawakukosa moyo. Yule wa hesabu aliyemcheka Mita ndiye aliyemnunulia sweta.

Mkinzani wake mzuri ni *Herr Bachmann und seine Klasse* ya Maria Speth, Ujerumani, iliyopata tuzo ya majaji Berlin mwaka wa 2021. Dakika 217. Ndiyo, umesoma vizuri, beba njugu. Dieter Bachmann ni mwalimu anayekaribia kustaafu katika mji mdogo wa Stadtallendorf, mwenye kofia ya sufi na magitaa darasani, na wanafunzi wake wa darasa la sita wana asili za Uturuki, Bulgaria, Moroko na kwingineko. Wanafunzi wengine wanazungumza Kijerumani kama maji, wengine wanakitafuta neno kwa neno.

Nilitegemea kuchoka. Badala yake nilielewa kwamba urefu ndio hoja ya filamu. Mtoto anaulizwa swali na tunasubiri jibu. Tunasubiri kweli. Filamu ya kawaida ingekata hapo, na darasa la kawaida lingemwita mwingine: "Haya, wewe wa nyuma, msaidie." Bachmann anangoja, Speth anangoja, nasi kwenye kiti tunalazimika kungoja, hadi mtoto aliyeonekana mzito anatoa sentensi ambayo ilikuwa humo ndani muda wote. Sijaona filamu nyingine inayothibitisha kwa saa ya ukutani kwamba mtu mpya kwenye lugha si mjinga, ni mtu anayesafiri mbali zaidi kufikia neno lile lile.

Speth pia anafanya jambo ambalo Bertuccelli analikwepa: anaupa mji historia. Wakati wa Wanazi kulikuwa na viwanda vya silaha pale, na watu kutoka nchi zilizotekwa wakalazimishwa kufanya kazi humo. Miongo miwili mitatu baadaye wakaja vibarua kutoka Uturuki. Kwa hiyo hawa watoto si "wageni" waliokuja kuuvuruga mji mkongwe uliotulia. Mji wenyewe umejengwa na mikono iliyotoka mbali. Nilipofika hapo niliwaza Eastleigh. Tunaiita Mogadishu ndogo kwa dharau au kwa sifa, kutegemea kama tunanunua viatu siku hiyo, na tunasahau kwamba wafanyabiashara Wasomali walikuwa pale tangu enzi za ukoloni.

Na ni Speth anayekubali kutuonyesha kisu. Mwisho wa mwaka Bachmann, huyu mzee mpole wa magitaa, analazimika kupendekeza nani ataenda shule ya aina gani: ile inayoelekea chuo kikuu, ile ya kati, au ile ya chini. Anawaambia kuwa alama ni picha ya wakati mmoja tu, hazisemi wao ni kina nani. Ni kweli. Na bado anaziandika. Hapo filamu inakuwa kubwa kuliko mwalimu wake, maana tunaona kwamba upole wote ule unaishia kwenye fomu, na fomu ina visanduku vitatu.

Kisanduku. Ndicho nilichokuwa nimekisimamia mwaka wa 2007 bila kujua.

Mama yake Mita aliitwa kwa sababu mtoto "hashiki". Hedi alikuwa na nia njema, hilo nataka liandikwe. Alisema angependa kujua mtoto amesoma hadi wapi ili asiteseke bure. Mama alikuja na mtoto mchanga mgongoni na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, upande mmoja ukiwa umelowa maji na wino kutoka. Alizungumza haraka, kwa sauti ya chini, Kiswahili cha Uvira. Hedi akainua mkono kama wa kusimamisha gari. Akatuma niitwe, kwa kuwa "nyinyi ndio mnakaa pamoja, mnaelewana".

Mita alikuwepo pia, amesimama karibu na kabati la vikombe. Kwa nini hakuambiwa atafsiri yeye? Kwa sababu alikuwa hana lugha.

Mama akasema, na maneno haya nayakumbuka kama namba ya simu ya kwetu: "Huyu ni wa kwanza ku masomo." Hedi akanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, miguu inatetemeka, sijawahi kuingia ofisi ile ila kwa makosa. Nikasema: "Anasema hii ndio mara yake ya kwanza kwenda shule."

Mama hakunipinga. Nadhani hakunisikia vizuri, au alidhani mtoto wa shule amesema sawasawa na zaidi. Akaifungua ile karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa ripoti ya shule, kwa Kifaransa. Hedi akapitisha kidole juu ya maneno yaliyofutika mpaka akakuta kitu anachoweza kusoma: 1/42. Akainua nyusi. Moja kwa arobaini na mbili. Ikalingana kabisa na tafsiri yangu. Akaikunja karatasi kwa heshima, akamrudishia mama kwa mikono miwili, na Jumatatu iliyofuata Mita akahamishiwa darasa la nne.

Ripoti za kule huandika nafasi ya mwanafunzi juu ya idadi ya darasa. Wa kwanza, kati ya wanafunzi arobaini na wawili.

Wakati mwingine rafiki zangu ninaowasimulia hili huniambia, si ulikuwa mtoto? Kweli. Hiyo ndiyo hoja yenyewe. Tukio la Souleymane ni kali kwa sababu Cantet hasemi kwamba kijana anatafsiri vibaya. Hatuwezi kujua anapunguza nini na anaongeza nini. Tunachoona ni kwamba chumba kizima kimejipanga ili lawama, ikitokea, iwe ya mtoto. Walimu watapiga kura yao kwa dhamiri safi. Walimpa mama nafasi ya kuzungumza. Baadaye anafukuzwa. Filamu inaisha na mpira uwanjani, walimu na wanafunzi wakicheka pamoja, halafu viti vitupu darasani. Wahakiki wengine waliona matumaini kwenye ule mpira. Mimi nilihesabu ni nani hayupo uwanjani.

Na kuna Wey, kijana Mchina wa darasa hilo hilo, mwenye bidii, ambaye walimu wanampenda. Mama yake anakamatwa kwa kukosa vibali, walimu wanachangishana pesa. Ni dakika chache tu za filamu lakini zinafungua dirisha: unaweza kumfundisha mtoto sarufi asubuhi, na jioni polisi wakabeba nyumba yake. Waliokuwa wakisoma Eastleigh Aprili 2014, wakati wa ile operesheni ya Usalama Watch, wanajua madawati yalivyobaki na nafasi, na watu wakapelekwa kushikiliwa Uwanja wa Kasarani. Hakuna mbinu ya kufundisha lugha inayojaza nafasi ya namna hiyo.

Tukirudi nyumbani: sera yetu si mbaya kwenye karatasi. Madarasa ya chini yanatakiwa yafundishwe kwa lugha ya eneo, mijini iwe Kiswahili, kisha Kiingereza kinachukua nafasi kuanzia darasa la nne. Ina mantiki, kwa mtoto aliyeanzia hapa. Lakini anayefika akiwa na miaka kumi na miwili ameruka daraja lote. Na mwaka wa 2017 nchi za IGAD, Kenya ikiwemo, zilitia sahihi Azimio la Djibouti kwamba watoto wakimbizi waingizwe katika mifumo ya elimu ya taifa. Safi. Kuingizwa ni mlango. Ukishaingia, mtu atasoma vipi hiyo 23,5?

Ninachotaka ni kidogo kuliko wanachotaka watu wa semina. Sitaki shujaa mwenye gitaa, ingawa akija karibu. Nataka kabla ya mtoto kuwekwa darasa lolote apewe karatasi ya hesabu na aachwe aifanye kwa mistari yake, halafu mtu aulize "umefikaje hapa?" kabla ya kushika kalamu nyekundu. Nataka insha ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili chochote alicho nacho, na "batoto" iachwe ipite hadi tujue ziwa lilivukwa vipi. Nataka kiti kimoja zaidi pale mezani, cha mtu mzima anayejua lugha zote mbili na anayelipwa nauli yake. Kayole nzima ile, mitaa imejaa wamama Wakongomani wanaouza vitenge na mafundi wanaoshona, hakukosekana mtu wa kukaa kwenye kiti hicho kwa nusu saa. Hakuna aliyefikiria kumwita kwa sababu lugha ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili sote tunakijua, si ndio?

Nadhani ndiyo maana filamu hizi za mbali zinanigusa na pia zinaniacha nje kidogo. Paris na Stadtallendorf, ukuta uko wazi: Kifaransa na Kibambara, Kijerumani na Kibulgaria. Kila mtu anauona. Ukuta wetu umepakwa rangi ya nyumba. Mtu anasema neno tunalolijua, tunaitikia, na kila mmoja anaondoka na maana yake. Filamu ya hilo bado sijaiona. Natamani mtu wa hapa aitengeneze, iwe na dakika 217 akitaka, mradi kamera ikae kwenye ule uso wa mtoto kabla hajageuza maneno.

Familia yao ilihama Kayole kabla sijafika darasa la nane. Wengine walisema wamepelekwa Kakuma, wengine Australia. Kabla ya hapo tulikutana mara nyingi, maana yeye alikuwa upande wa madarasa ya chini na njia ya kwenda chooni ni moja. Kama wiki mbili baada ya kile kikao alinisubiri nyuma ya matanki ya maji. Alikuwa amekua hata kati ya wenzake wapya, magoti hayaingii chini ya dawati. Akatoa ile karatasi kwenye soksi, akaikunjua, akaweka kidole gumba kando ya 1/42 na kunieleza, polepole, kwa Sheng aliyokuwa ameshaanza kuishika, maana yake ni nini.

Kisha akaniuliza kama nilimwambia hedi hivyo.

Nikamwambia ndiyo, nilimwambia.